Kijana wa nyumba ya ndoa mpya anapoonewa shuleni: mwongozo kwa wazazi na walezi wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni kwa mzazi aliyeoa au kuolewa upya akiwa na mtoto wa umri wa sekondari, kwa baba au mama wa kambo aliyempokea mtoto huyo, na kwa bibi, mjomba au shangazi ambaye mara nyingi huambiwa ukweli kabla ya wengine. Unahusu mambo mawili ambayo wakubwa huyashughulikia kila moja kivyake, yaani kuzoea nyumba mpya na kuonewa shuleni, ilhali kwa kijana mwenyewe yamefungamana. Anayemwonea darasani humchokoza kwa mambo ya nyumbani kwao: kwamba mama yake ameolewa mara ya tatu, kwamba ubini wake si wa mwanaume anayemnunulia sare, kwamba anakula kwa watu. Akirudi nyumbani hawezi kueleza alichofanyiwa bila kuigusa ndoa ya mzazi wake, kwa hiyo hunyamaza. Wengi hukuita kunyamaza huko kiburi au ujeuri wa umri, nao wanamkosea, kwa sababu kijana huyo ana mengi ya kusema. Anachohofia ni kwamba akisema, mama atagombana na mumewe kwa ajili yake, na ndoa ikivunjika itasemwa ni yeye aliyeivunja.

Kwa sababu hiyo hatua hizi zinaanzia nyumbani, na shule inafuata. Mzazi ambaye mwanawe amepigwa jana anaweza kuanzia hatua ya sita, mradi baadaye arudi kwenye zile za mwanzo, kwani bila hizo malalamiko yatakayopelekwa shuleni yatakuwa nusu tu ya habari.

Hatua ya kwanza: mwambieni kabla ya kuhama

Katika wilaya za korosho, kuanzia Tandahimba, Newala na Masasi hadi Ruangwa, Nachingwea na Liwale, fedha huanza kuingia minada inapofunguliwa mwezi wa Oktoba, na miezi inayofuata ndiyo ya kuezeka nyumba, kulipa madeni na kufunga ndoa. Mtoto wa mwanamke anayeolewa Desemba hujikuta Januari yuko katika nyumba mpya, mtaa mpya na pengine shule mpya, tena akianza kidato cha kwanza pamoja na wenzake waliotoka shule moja ya msingi na kujuana tangu utotoni. Hayo ni mabadiliko mengi mno kwa mwezi mmoja. Ikiwezekana yatenganisheni: ndoa ifungwe, lakini kijana abaki kwa bibi yake hadi muhula umalizike, au ahamie wakati wa likizo apate marafiki wawili watatu wa mtaani kabla ya shule kufunguliwa.

Kijana hahitaji hotuba kuhusu wema wa baba mpya. Anataka kujua atalala wapi na nani, nani atatoa pesa ya madaftari, ataendelea kwenda kwa baba yake siku zipi, na kama mdogo wake naye anakuja. Mjibuni kwa maneno ya wazi, na pasipo na jibu mwambieni kwamba bado hamjakubaliana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya umri wa miaka 18, inampa haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake, na wazazi wakiwa wameachana inamlinda aweze kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye, mradi masomo yasivurugike. Mama anayemzuia kijana asiende kwa baba yake kwa kuogopa wivu wa mume mpya anamwondolea mtu mmoja wa kumweleza shida zake, na kijana wa namna hii hana watu wengi.

Mshirikisheni mjomba mapema. Kwa desturi za Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambao ukoo wao ulihesabiwa kwa upande wa mama, mjomba alikuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake. Dini na maisha ya mjini vimeipunguza kauli hiyo, lakini bado ni mtu ambaye kijana anaweza kumwendea bila kuonekana amemsaliti yeyote, na naamini kwa dhati kwamba nyumba nyingi za kusini zina msaada huu mkononi na haziutumii. Mama amwite kaka yake nyumbani, mume mpya akiwepo, na aseme mbele ya kijana: "Ukimwendea mjomba wako na neno lolote, hakuna atakayekuuliza kwa nini hukuanza na sisi." Mume akisikia maneno hayo na kuyakubali mbele ya wote, sehemu kubwa ya hofu huondoka siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: malazi, sare na kazi za nyumbani

Vijana wa kike na wa kiume ambao hawajazaliwa na baba mmoja wala mama mmoja wasilale chumba kimoja, hata nyumba ikiwa ndogo. Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika pwani yetu, jambo hili lina hukumu yake: binti wa mke huwa maharimu wa mume, yaani mtu asiyeweza kuoana naye, baada ya ndoa kukamilika, lakini watoto wa mke na watoto wa mume si maharimu wao kwa wao kwa sababu ya ndoa hiyo tu. Kwa wengine, usalama peke yake ni sababu tosha. Vyumba vikiwa vichache, wavulana wahamie sebuleni au kwenye kibanda cha uani.

Kila kijana awe na mahali pake pa kufungia vitu, hata kama ni sanduku la bati lenye kufuli ndogo. Nimewahi kumwona mvulana aliyekuwa akihifadhi madaftari yake ndani ya mfuko wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho, uliofuliwa, juu ya kenchi za paa, kwa sababu watoto aliowakuta katika nyumba hiyo walikuwa wakichana karatasi zake za kuwashia moto, na alipofika shuleni bila kazi ya nyumbani aliadhibiwa na kuchekwa. Mwalimu alimwona mvivu. Mama yake hakujua lolote, maana kusema kungekuwa ni kuwashitaki watoto wa mumewe.

Sare ndiyo inayotangaza mambo ya nyumbani kuliko kitu kingine chochote. Wanafunzi wakiona watoto wawili wanatoka mlango mmoja asubuhi, mmoja ana begi jipya na viatu vya ngozi, mwingine amebeba madaftari mkononi na soli ya kiatu imeachia mbele, hawahitaji kuambiwa yupi ni mtoto wa nyumba na yupi amekuja na mama yake. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula vimebaki kwa mzazi, na hapo ndipo ubaguzi unapoonekana. Fedha za korosho zikitoka, wanunulieni wote siku moja, katika duka moja, vitu vya aina moja. Zisipotosha, kila mmoja apate shati moja na wote wasubiri viatu pamoja. Baba mzazi wa kijana akitoa chochote, kiingie katika mahitaji yake ya shule kwa makubaliano na mama, kuliko kuwa zawadi ya kushindana na baba wa kambo.

Kazi nazo zigawanywe kwa zamu inayojulikana, iwe kuchota maji, kuosha vyombo au kuokota korosho. Mgeni asipewe peke yake kazi ambazo watoto wa nyumba hawazitaki.

Hatua ya tatu: mzazi mzaa ndiye akemee kwanza

Baba wa kambo anayeingia na fimbo katika mwezi wa kwanza humfundisha kijana kuficha. Nashauri, tena kwa mkazo, kwamba kwa mwaka wa kwanza au miwili mzazi mzaa ndiye akataze, akemee na kutoa adhabu, na mwenzake awe wa kukumbusha tu: "Mama yako alisema saa moja uwe umerudi." Kuzoeana katika nyumba za namna hii huhesabiwa kwa miaka, na kijana wa miaka 13 au 14 mara nyingi huchelewa kuliko mtoto wa miaka mitano, kwa sababu tayari anamkumbuka na kumtetea mzazi asiyekuwepo. Baba wa kambo atumie muda huo kufanya naye kazi za pamoja: kupulizia mikorosho, kuziba pancha ya baiskeli, kwenda Ruangwa kuwaangalia Namungo wakicheza mpira. Maneno machache yanatosha katika shughuli kama hizo.

Msimlazimishe kumwita "baba". Anaweza kusema "baba mdogo", "mzee", au kumwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama majirani wanavyofanya. Kinachodaiwa ni shikamoo na adabu. Wala msimbadilishie ubini. Jina lililo katika cheti cha kuzaliwa na lililosajiliwa shuleni ndilo linalofuata hadi kwenye vyeti vya mitihani, na Uislamu nao unaagiza mtoto aitwe kwa baba yake mzazi. Zaidi ya hayo, kijana aliyeitwa kwa ubini mmoja muhula uliopita na mwingine muhula huu amewapa wachokozi swali la kumwuliza kila asubuhi orodha inaposomwa.

Hatua ya nne: tofautisheni utani na uonevu, kisha tazameni dalili

Kwetu utani una heshima yake, watani hutaniana hadi msibani, na mzazi anayekimbilia shuleni kwa kila neno la mtani atamwaibisha mwanawe. Lakini utani wa kweli huenda zamu kwa zamu, na aliyetaniwa ana ruhusa na uwezo wa kujibu. Dan Olweus, mtafiti mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Norwe na kuanza kuchunguza uonevu wa shuleni katika miaka ya 1970, aliutambulisha kwa mambo matatu: umekusudiwa kuumiza, unarudiwa, na anayefanyiwa hana nguvu sawa na anayefanya. Nguvu hiyo inaweza kuwa ya mwili, ya wingi wa watu, ya ukiranja, au ya kujua siri. Kwa kijana wa ndoa mpya, hii ya mwisho ndiyo inayotumika zaidi. Msichana aliyehamia kutoka mkoa mwingine anaweza kusimangwa kwamba hajachezwa unyago, na mvulana kwamba hajapita jandoni, na simango hilo huuma mara mbili ikiwa nyumba aliyohamia imewafanyia ngoma watoto wa baba na kumwacha yeye. Jambo hilo mama na mjomba waliamue mapema, kijana akishirikishwa.

Dalili ni za kawaida kwa macho: tumbo linalouma Jumatatu alfajiri na kupona saa nne, pesa ya chakula inayoombwa mara mbili, mkebe unaopotea kila wiki, kurudi kwa njia ndefu, shati lililochanika ambalo kijana amejishonea mwenyewe usiku, alama zinazoshuka, na kwa anayeishi geto, yaani chumba cha kupanga karibu na shule, kurudi nyumbani katikati ya wiki bila sababu. Ugumu ni kwamba karibu dalili zote hizi hufanana na huzuni ya nyumba mpya. Mama huona mwanawe amenuna na kusema, "Bado hajamzoea baba yake mdogo," na anangoja muda upite, kumbe kijana anasubiriwa kila siku nyuma ya vyoo vya shule. Msikisie. Ulizeni.

Hatua ya tano: mazungumzo yenyewe

Wakati mzuri ni wa kazi ya mikono, mnapobangua korosho au kumenya muhogo, ambapo hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Anza na jambo uliloliona, usianze na shutuma. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mwanangu, naona siku hizi unazungukia kule sokoni. Hii njia ya karibu ina nini?"

"Haina kitu, mama."

"Haya, sikulazimishi. Ila nataka ujue: lolote litakalotoka shuleni, hata likiwa linamhusu baba yako mdogo au watoto wake, halitavunja ndoa yangu. Mimi na yeye tumeshalizungumza. Kuilinda ndoa hii ni kazi yetu sisi wawili, wewe hatukukupa kazi hiyo."

Baada ya hapo endelea kubangua. Pengine hatasema kitu siku hiyo, pengine atasema baada ya wiki, na pengine atakwenda kwa mjomba. Njia zote hizo ni njema. Maneno hayo lakini yawe ya kweli. Mke na mume wakae kwanza wenyewe, wakubaliane kwamba habari ya kijana haitageuzwa kuwa kesi ya ndoa, kisha baba wa kambo naye amwambie kwa kinywa chake: "Wakikusema kwa sababu yangu, niambie. Sitakasirika."

Akishaeleza, kuna majibu matatu ya kuepuka. "Wapuuze tu" humfanya aone amesema bure. "Na wewe wapige" humtuma kupambana na watu wanaomzidi nguvu, na akipiga ndiye atakayeadhibiwa. La tatu ndilo baya kuliko yote: "Kwa hiyo unataka nirudi kwa baba yako?" Kijana aliyejibiwa hivyo mara moja hatasema tena.

Ikiwa katika nyumba kuna ndugu wa kambo wanaosoma naye, chunguzeni kwa upole kama siri zilitokea ndani, maana kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi mtoto aliyezitoa hakukusudia ukatili. Naye amepoteza chumba chake na sehemu ya baba yake, na aliongea kwa uchungu. Mzazi wake mzaa ndiye azungumze naye faragha, bila kipigo. Sheria ya nyumba itajwe kwa uangalifu. Mkisema "ya nyumbani hayatoki nje" mtakuwa mmewafunga midomo wote, pamoja na yule anayeumizwa. Semeni hivi: hakuna kutangaza aibu ya mwenzako, lakini shida yako mwenyewe una ruhusa kumweleza mkubwa yeyote unayemwamini. Wala ndugu huyo asipewe kazi ya ulinzi. Inatosha asicheke pamoja na wachokozi, na warudi nyumbani njia moja.

Hatua ya sita: wekeni kumbukumbu

Chukueni daftari dogo likae nyumbani. Andikeni tarehe, saa, mahali, kilichofanyika, maneno yenyewe yaliyosemwa, na waliokuwepo. Kwa mfano: "Jumanne, saa nne asubuhi, nyuma ya vyoo vya wavulana. Walichukua shilingi 500 ya chakula. Walisema, 'Kamwombe baba yako wa kukodi.' Walikuwepo wawili wa kidato cha pili." Maneno yaandikwe kama yalivyotamkwa, hata yakiwa machafu, kwa sababu mwalimu akisoma "walimtukana" hawezi kupima uzito wake. Shati lililochanika lisishonwe kabla halijaonyeshwa. Majeraha yapigwe picha siku hiyo hiyo. Ujumbe wa simu usifutwe. Upigwe picha ya skrini inayoonyesha namba ya mtumaji na tarehe.

Hatua ya saba: nendeni shuleni mkiwa na ombi mahususi

Anzeni kwa mwalimu wa darasa na mwalimu wa ushauri na unasihi, ambaye shule nyingi humwita mwalimu wa malezi. Mzazi mzaa aende na mwenzi wake, au na mjomba mwenzi akiwa na udhuru, ili shule ijue kwamba kijana ana watu. Salimieni, jitambulisheni uhusiano wenu bila kuficha, kisha onyesheni daftari. Mwalimu huyo huenda ana wanafunzi wengi kuliko nguvu zake, na lawama zikitangulia atajitetea badala ya kusikiliza.

Ombeni mambo yanayoweza kufanyika wiki hiyo: kijana abadilishiwe kundi la usafi au sehemu ya kukaa, mwalimu wa zamu apite nyuma ya vyoo wakati wa mapumziko, atajwe mtu mzima mmoja ambaye kijana atamwendea bila kuomba ruhusa, na iwekwe tarehe ya ninyi kurudi kusikia kilichofanyika. Kwa shule ya bweni, ombeni matroni au patroni ahusishwe, kwa sababu mengi hutokea taa zikizimwa. Kwa walio geto, nendeni pia kwa mwenye nyumba. Kwa wanaotembea mwendo mrefu kupita mashambani, tafuteni wenzake wawili wa kutembea naye, jambo ambalo wazazi mnaweza kulipanga wenyewe bila kusubiri shule.

Kuna mambo mawili ya kuyakataa kwa adabu. La kwanza ni kuwasimamisha wote wawili ofisini, kuwapa mikono na kutangaza kwamba wamepatana. Upatanisho ni wa watu waliogombana wakiwa sawa. Aliyeonewa akilazimishwa kumpa mkono aliyemwonea, hutoka hapo akiwa ameonewa tena mbele ya mwalimu. La pili ni kutaja habari za nyumbani mbele ya wanafunzi. Mwalimu anayesema paredi, "Mwacheni huyu, kwao kuna matatizo," ana huruma, lakini amewapa wachokozi maneno ya muhula mzima. Mwombeni waziwazi asifanye hivyo.

Msipoona mabadiliko kufikia tarehe mliyokubaliana, mwandikieni mkuu wa shule barua ya ukurasa mmoja yenye matukio kwa tarehe, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ngazi zinazofuata ni bodi ya shule, Afisa Elimu Kata, na Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Kufuata ngazi si ugomvi na shule, na mzazi asikubali kuaibishwa kwa kufanya hivyo.

Hatua ya nane: mambo yasiyosubiri ngazi

Kipigo kilicholeta jeraha, vitisho vya silaha, kuporwa, na tendo lolote la kingono ni makosa ya jinai, hata mtendaji akiwa mwanafunzi. Nendeni kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto pale lilipo, mpate fomu ya matibabu inayojulikana kama PF3. Hali ikiwa mbaya, hospitali itangulie na fomu ifuate. Kwa ukatili wa kingono mfikisheni hospitali mapema kadiri iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina ukomo huo wa muda, na ikiwezekana asioge wala kubadili nguo, ili ushahidi usipotee. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana pamoja. Hatua hii inahusu nyumbani vilevile: ikiwa anayemwumiza kijana ni mtu wa nyumba hiyo mpya, taratibu ni hizo hizo, na ndoa isitangulizwe mbele ya mtoto.

Matusi na vitisho vinavyorudiwa kwa njia ya simu na mitandao vinaguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na hapo picha za skrini mlizohifadhi zitafaa. Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo, na kijana anaweza kuipiga mwenyewe. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye anapokea mashauri ya namna hii, na Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Jirani anayesikia kilio kila usiku yumo katika wajibu huo.

Kijana akisema amechoka kuishi au anatamani kufa, msimkaripie wala msimwite mwenye kujidekeza. Mwulizeni kwa utulivu, mkae naye asibaki peke yake, na siku hiyo hiyo mpelekeni kituo cha afya. Dawa za mikorosho na viuatilifu vingine, ambavyo katika nyumba nyingi za huku hukaa chini ya kitanda au kwenye kona ya chumba cha watoto, viondolewe nyumbani au vifungiwe mahali asipopafikia.

Hatua ya tisa: ya kijana mwenyewe

Sehemu hii apewe kijana aisome. Ndoa ya mzazi wako hukuifunga wewe, na ikipata misukosuko si wewe uliyeileta. Kumpenda baba wa kambo, au kumzoea tu, hakumpunguzii baba yako kitu. Ukiulizwa darasani kuhusu ubini au kwenu, uwe na jibu fupi ulilolifanyia mazoezi, kama "Yule ni mume wa mama, na ubini wangu ni wa baba yangu," ulitamke kwa sauti ya kawaida kisha uendelee na shughuli yako. Maelezo marefu huwapa cha kushikilia. Kaa karibu na watu wakati wa mapumziko. Wakikuzidi, toa pesa, ondoka, kisha sema kwa mtu mzima siku hiyo hiyo, na wa kwanza asiposikia mwendee wa pili. Na ukimwona mwingine anafanyiwa hayo, keti naye. Huenda hakuna aliyefanya hivyo tangu muhula uanze.

Hatua ya kumi: ufuatiliaji, na uhamisho ukibidi

Uonevu uliokomeshwa mwezi wa pili unaweza kurudi mwezi wa nne, walimu wakishasahau. Mrudieni mwalimu wa malezi kwa tarehe mlizopanga hata mambo yakiwa shwari, na mwulizeni kijana tena kila baada ya wiki chache kwa maneno mafupi.

Kuhamisha shule kuwe hatua ya mwisho, hasa kwa kijana ambaye tayari amehamishwa nyumba, isipokuwa pale usalama wake unapotaka aondoke mara moja. Mkiamua kuhama, ombeni kwa maandishi kupitia kwa mkuu wa shule anakotoka, mkiwa mmehakikisha kwamba shule anakokwenda ina nafasi, na ofisi ya elimu ya halmashauri ihusishwe. Kuhamia mkoa mwingine kuna ngazi zaidi, kwa hiyo anzeni mapema. Ombeni uhamisho uanze mwanzoni mwa muhula. Kabla ya kwenda, mwulizeni kijana ni mambo gani ya nyumbani angependa mwalimu mpya ayajue na yapi abaki nayo mwenyewe, na mkifika huko mseme yale aliyoyaruhusu tu.